Kabla hujaleta mbwa kwenye nyumba yenye watoto: namna ya kuchagua mbegu itakayowafaa

Kila baada ya wiki mbili tatu kuna mtu ananipigia na maneno yake ni yale yale, "kaka nitafutie mbwa, awe mkali haswa maana wezi huku kwetu wamezidi, ila awe mpole kwa watoto." Ukimuuliza watoto wana umri gani anakwambia mmoja miaka mitatu mwingine yuko darasa la pili, fensi upande wa nyuma haijaisha, na mchana nyumbani anabaki dada wa kazi ambaye anaogopa mbwa tangu kwao. Sasa hapo hata nikikutajia mbegu kumi nitakuwa nakudanganya tu. Ndo maana nimekaa niandike hatua zote kwa mpangilio ninaoufuata mimi, na utaona kwamba jina la mbegu linakuja katikati, sio mwanzo.

Mimi sio daktari wa mifugo. Nimekulia Moshi nyumba yenye mbwa, sasa hivi niko Goba, Dar, nina watoto watatu na mbwa wawili, na nimeshawasaidia ndugu na majirani kutafuta mbwa kwa muda mrefu kidogo. Mengine nimejifunza kwa kuumia.

Hatua ya 1: Amua huyo mbwa ni wa kazi gani

Hapa ndo watu wengi wanapoharibu. Tunataka mbwa mmoja afanye kazi mbili zinazopingana, alafu tunamlea kwa ule mtindo tuliouzoea, mchana amefungwa mnyororo nyuma ya nyumba karibu na karo, usiku saa nne anafunguliwa azunguke, asubuhi anarudishwa kwenye mnyororo. Mbwa anayelelewa hivyo hata awe wa mbegu inayosifiwa dunia nzima kwa upole atakuwa hatari kwa mtoto wako, kwa sababu watoto anawajua kama viumbe vinavyopita kwa mbali na siku nyingine vinamrushia mawe. Na akiwa kwenye mnyororo hawezi kukimbia. Akiogopa kitu anabakiwa na njia moja tu, meno.

Ninachowaambia watu ni hiki: chukua mbwa wa familia, mlee na familia, alafu ulinzi utakuja wenyewe. Mbwa anayejiona ni wa hapo nyumbani atabweka mtu akigusa geti saa nane usiku, na kelele ile ndo unayoihitaji, ikuamshe wewe na imuonyeshe mwizi kwamba watu wameamka. Kazi ya kumng'ata mtu usiitafute kwenye nyumba yenye watoto, maana kesho yake anayeruka ukuta kufuata mpira sio mwizi, ni mtoto wa jirani. Kama una godauni au yadi ya magari, hilo ni suala lingine, tafuta mlinzi na mbwa wake huko huko, usichanganye na nyumbani.

Hatua ya 2: Iangalie nyumba yako na watu wake

Kaa chini na mwenzako mjibu haya kwa ukweli. Uwanja mnao kiasi gani, na fensi imefunga pande zote? Nani atamlisha kila siku, na usiseme watoto, watoto watamlisha wiki ya kwanza. Dada wa kazi anaridhia? Huyo ndiye atakayekaa na mbwa saa nyingi kuliko wewe, kama anamuogopa atamfukuza kwa fagio kila siku na mbwa atajifunza kwamba watu wa humu ndani wanapiga. Mimi nilimkalisha dada wetu tukaongea kabla, nikampeleka kwa rafiki yangu akashika watoto wa mbwa kwa mikono yake, na leo mbwa wanamtii yeye kuliko mimi.

Umri wa watoto nao una uzito mkubwa. Mtoto wa chini ya miaka mitano sita hajui kumsoma mbwa, anamkumbatia akiwa amelala, anamvuta sikio, anamtia kidole puani. Na watu wanadhani kwa mtoto mdogo basi wachukue na mbwa mdogo wakue pamoja, kitu kizuri kukisema ila ukweli wake ni mgumu, mtoto wa mbwa wa miezi miwili mpaka mitano ana vijino kama sindano na kila kitu anakijaribu mdomoni, vidole, magauni, nywele. Utakuwa unalea watoto wawili wanaolizana kutwa. Kama mdogo wako bado anatambaa au ndo anaanza kutembea, bora usubiri, au uchukue mbwa mkubwa wa miaka miwili na kuendelea ambaye ameshakaa na watoto na unaijua hiyo nyumba alikotoka.

Majirani pia. Kama mnaishi nyumba ya kupanga na mnachangia uwanja na familia ya Kiislamu, ongeeni nao kwanza kabla ya kumleta. Mate ya mbwa kwao ni najisi, na kwa wanaofuata madhehebu ya Shafi, ambao ndo wengi pwani yetu, chombo alicholamba mbwa kinaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Jirani akilalamika mbwa wako amelamba ndoo yake ya maji ya udhu hana roho mbaya, umemgusia ibada. Mbwa wa kulinda, wa kuchunga na wa kuwinda anaruhusiwa kwao, kwa hiyo mazungumzo yapo, mbwa awe na sehemu yake na vyombo viwe mbali naye.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya miaka, sio ya siku ya kununua

Mbwa wengi wanaotunzwa vizuri wanaishi miaka 10 hadi 13. Yaani mtoto anayeanza darasa la kwanza leo atamaliza fomu foo mbwa bado yupo, kazeeka. Katika hiyo miaka kuna chakula, chanjo kila mwaka, dawa za minyoo, dawa za kupe, na siku mbili tatu za dharura ambazo hukuzipangia. Kilo za mbwa ndo zinaamua bajeti: kijibwa cha kilo saba kinashiba na sahani ndogo, mbwa wa kilo 50 anakula sufuria. Dona na dagaa na utumbo ni sawa kabisa, wengi wetu ndo tunalishia hivyo, ila usimwagie tu mabaki ya mchuzi, kitunguu ni sumu kwa mbwa na mchuzi wetu gani hauna kitunguu. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hapana, inapasuka vipande vikali vinachoma utumbo.

Hatua ya 4: Sasa tuje kwenye mbegu

Naanza na mbwa wetu wa kienyeji, na simuanzi kwa huruma. Watu wanachanganya kienyeji na koko, ni vitu viwili. Koko ni mbwa asiye na mwenyewe, anaweza hata akawa na damu ya kizungu. Kienyeji ni mbwa wa hapa, mwili wa kati, manyoya mafupi, rangi ya udongo mara nyingi, na joto la Dar au Tanga au Mombasa halimsumbui kama linavyowasumbua wa kutoka nje. Anakula chakula cha nyumbani, ana akili ya kujifunza haraka, na hakuna mtu aliyekaa kumchagulia sura mpaka akamharibu nyonga au pua. Tatizo lake moja tu, asili ya tabia huijui mpaka uende kumuona mama yake. Mtoto wa kienyeji aliyezaliwa kwenye nyumba yenye watoto na akashikwashikwa tangu wiki ya tatu ni mbwa wa familia kamili. Aliyezaliwa jalalani na akafika miezi minne bila kuguswa na mtu mara nyingi atabaki mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata watoto.

Labrador. Huyu ndo jibu la watu wengi na sio bure. Asili yake ni Newfoundland, Kanada, alikuwa akiwasaidia wavuvi na nyavu, alafu Waingereza wakamuendeleza kwa kuokota ndege walioangushwa kwa bunduki, ndo maana mdomo wake ni laini, anabeba kitu bila kukitoboa. Marekani ndo mbegu iliyoandikishwa kwa wingi kuliko zote kuanzia 1991 mpaka 2021. Ana uzito wa kilo 25 mpaka 36. Ila ujue unachochukua: mpaka afike miaka miwili atatafuna ndala za nyumba nzima, anataka kukimbia kila siku, na anapenda kula kiasi kwamba usipompimia ananenepa mpaka magoti yanamuuma. Kama mlinzi atabweka, lakini ukali usimdai. Kwa Dar mtembeze saa kumi na mbili asubuhi, mchana awe kivulini na maji.

Ndugu yake Golden Retriever, wa Scotland, kwa upole wanafanana ila ana manyoya marefu. Kwa Arusha, Lushoto, Iringa, Mbeya au Limuru sawa. Kwa pwani utakuwa unachana na kukausha manyoya kila siku na bado ngozi itapata vidonda vya unyevu. Mimi nisingemleta Dar.

German Shepherd hapa ndo mbwa anayeheshimika kuliko wote, na ndo anayeeleweka vibaya kuliko wote. Alianzishwa rasmi Ujerumani mwaka 1899 na kapteni wa jeshi anaitwa Max von Stephanitz, na kazi yake ilikuwa kuchunga kondoo. Hilo la kuchunga lishike, kwa sababu watoto wakianza kukimbia na kupiga kelele uwanjani yeye anataka kuwakusanya, anawazunguka, na asipofundishwa anawabana visigino kwa meno. Hana nia mbaya, ni kazi iliyo kwenye damu. Ukiwa na nusu saa asubuhi na nusu saa jioni za kumfundisha na kumtembeza, na watoto wako wameshafika umri wa shule, ni mbwa wa ajabu, anajifunza haraka na anaipenda familia yake mpaka basi. Usipokuwa na muda huo atageuka mbwa wa kubwekea kila kivuli. Tatizo la nyonga linarithiwa, kwa hiyo omba kuwaona baba na mama wakitembea na kukimbia, sio wakiwa wamesimama wamepozi.

Rottweiler anatoka mji wa Rottweil, Ujerumani, mbwa wa wachunga ng'ombe na wauza nyama. Aliyelelewa vizuri ni mpole kwa watu wake, nimewaona. Lakini dume linafika kilo 50 na kupita, likikuegemea tu kwa mapenzi mtoto wa miaka mitatu yuko chini kagonga kisogo. Kama hujawahi kufuga mbwa na una watoto wadogo, huyu asiwe wa kwanza kwako. Boerboel wa Afrika Kusini vivyo hivyo na zaidi, huyo ni mbwa wa mashamba makubwa, anafika kilo 70, sitaki kuongeza neno. Ridgeback, yule wa mstari wa manyoya mgongoni, ambaye vigezo vyake viliandikwa Bulawayo mwaka 1922, anavumilia hali yetu ya hewa na ni mtulivu ndani ya nyumba, ila anataka eneo na mtu mwenye msimamo.

Vijibwa vidogo. Wengi wanaamini kidogo ndo salama kwa mtoto, na mimi nawaambia angalieni upande wa mbwa pia. Chihuahua ana kilo chini ya tatu, mifupa yake myembamba, mtoto akimuangusha kutoka kwenye kochi mguu umevunjika, na yeye mwenyewe analijua hilo kwa hiyo anang'ata mapema kujihami. Japanese Spitz, kile cheupe chenye mkia wa kukunja, kina kilo tano mpaka kumi, kichangamfu, kinabweka mtu akikaribia mlango, na kwa wanaokaa ghorofani ndo ningemtaja wa kwanza, mradi uwe tayari kumchana. Jack Russell ana nguvu za mbwa watatu, atachimba bustani na vifaranga vya jirani utavilipa. Maltese ni mzuri kwa nyumba yenye watoto wakubwa wanaojua kushika taratibu.

Kuna mbegu naomba kabisa msizilete pwani kwa sababu mmeziona kwenye simu. Husky ameumbwa kuvuta sleji, yale magari yasiyo na matairi yanayoteleza juu ya theluji, huko Siberia. Bulldog na Pug wana pua fupi, na mbwa anapunguza joto kwa kuhema, sasa mbwa ambaye kuhema kwenyewe ni shida ukimuweka kwenye joto la Februari la Dar unamtesa, siku umeme ukikatika na feni ikazima unaweza kumpoteza mchana mmoja.

Na niseme kitu hapa ambacho huwa kinanifurahisha, kuna mbegu maarufu duniani inaitwa Basenji, habweki kama mbwa wengine, anatoa sauti kama anaimba, na huyo asili yake ni misitu ya Kongo. Wazungu walimchukua huko wakamuandikisha kwenye vitabu vyao. Ukimtazama vizuri utaona masikio na mkia wa mbwa uliowaona kijijini kwenu.

Chaguo langu mimi? Chotara. Labrador na kienyeji, au Shepherd na kienyeji. Popi wetu ni Labrador kwa mama, baba ni kienyeji wa mtaani aliyeruka ukuta, ana kilo 22, hachagui chakula, na watoto wanamlalia mgongoni wakiangalia katuni.

Hatua ya 5: Nenda ukamuone mama yake

Hii ukiiruka, zote zilizopita hazina maana. Nilishawahi kununua mtoto wa mbwa pembeni ya barabara, kwenye boksi, muuzaji anasema German Shepherd halisi, wiki nane. Masikio mazuri, miguu minene, nikalipa. Daktari alipomuangalia meno akaniambia huyu wiki tano hazijatimia. Siku ya sita akaanza kuharisha damu, ile harufu ya parvo, ugonjwa wa kuharisha unaoua watoto wa mbwa, ukiinusa mara moja huisahau, siku ya tisa akafa kwenye taulo jikoni. Mtoto wangu wa kwanza alishampa jina. Aliuliza kama ni kwa sababu alimpa maziwa. Sijawahi tena kununua mbwa bila kuiona nyumba aliyozaliwa.

Kwa hiyo: mtoto wa mbwa asitoke kwa mama yake kabla ya wiki nane, kuna adabu ya kung'ata taratibu ambayo anafundishwa na mama na ndugu zake, wewe huwezi kumfundisha vizuri kama wao. Ukifika, omba mama aachiwe, umuone bila mnyororo. Akija kukunusa akatulia, vizuri. Akinguruma na mwenye nyumba akasema "huyo ndo tabia yake kwa wageni," aga ondoka, kwa sababu woga na ukali wa mama vinawafikia watoto kwa damu na kwa kumuiga. Baba kama yupo mtazame pia. Muuzaji asiyetaka uende kwake, anataka mkutane kituoni, huyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Alafu kaa chini sakafuni, usiite, subiri. Watakuja. Yule anayekurukia wa kwanza na kuwakanyaga wenzake ana nguvu sana kwa nyumba ya watoto wadogo, yule aliyejificha kwenye kona anatetemeka muonee huruma ila usimchukue kwa ajili ya watoto. Chukua wa katikati, anayekuja, ananusa, anakaa. Angusha funguo nyuma yake: akishtuka ni kawaida, tazama kama baada ya muda mfupi anarudi kunusa hizo funguo. Mbebe mgongo chini kwenye mikono yako kidogo, akipambana alafu akatulia ni sawa. Hivi vipimo havikupi uhakika wa asilimia mia, tabia ya mama inakwambia mengi zaidi, ila vinasaidia kuchagua kati ya sita waliofanana.

Rudi mara ya pili na watoto. Wewe tazama watoto zaidi ya mbwa.

Makaratasi ya ukoo, kama yale ya East Africa Kennel Club ya Nairobi, yanakuonyesha wazazi na mababu. Upole hayakuonyeshi. Na kwa walioko Nairobi, KSPCA, lile shirika la kutetea wanyama, wana mbwa wanaohitaji nyumba, wakubwa kwa wadogo, unaweza kwenda ukauliza huyu ameshakaa na watoto au la.

Hatua ya 6: Jike au dume

Sibishani sana hapa. Jike mara nyingi ni mdogo kidogo kwa mwili, ila akiingia kwenye joto, kawaida mara mbili kwa mwaka, madume ya mtaa mzima yatalala getini kwako na yatapigana mbele ya watoto. Dume anazurura. Vyovyote utakavyochagua, mfunge kizazi, ongea na daktari ni lini kulingana na ukubwa wa mbegu yake.

Hatua ya 7: Kwanza daktari, alafu watoto

Siku unayomchukua pitia kwa daktari wa mifugo kabla hujafika nyumbani. Chanjo ya mchanganyiko, ile yenye parvo na distempa, inaanza wiki ya sita mpaka ya nane na inarudiwa kila wiki tatu nne mpaka afike wiki 16. Ya kichaa cha mbwa anapofika miezi mitatu, alafu kila mwaka. Dawa ya minyoo kila wiki mbili mpaka wiki ya 12, kila mwezi mpaka miezi sita, baada ya hapo kila miezi mitatu. Hii ya minyoo msiidharau, mayai ya minyoo ya mbwa yanakaa kwenye mchanga ule ule ambao mtoto anachezea alafu anaweka kidole mdomoni, na minyoo wachanga wanaotoka humo wanaweza kufika mpaka kwenye jicho la mtoto. Kinyesi kizolewe kila siku.

Kichaa cha mbwa nakisema kwa herufi nzito. Kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakuna tiba, na Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nacho, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto aking'atwa na mbwa yeyote ambaye huna uhakika na chanjo yake, hata mkwaruzo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili kwa saa, alafu hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kuona mbwa atakufa au la. Na sindano za siku hizi ni chache, sio zile nyingi za tumboni ambazo wazee wanatutishia. Muwaambie watoto kwamba waking'atwa waseme na hawatachapwa, maana watoto wengi wanaficha kwa sababu walikatazwa kwenda kuchezea mbwa wa watu. Kila Septemba 28 ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na karibu na tarehe hiyo sehemu nyingi kunakuwa na chanjo za bure, uliza kwa afisa mifugo wa kata yako.

Hatua ya 8: Wafundishe watoto kabla mbwa hajafika

Jioni moja Popi alikuwa anakula ugali wake na dagaa kwenye sufuria la zamani pale nyuma jikoni. Binti yangu, wakati huo miaka minne, akaja na mdoli wake, akachuchumaa, akamkumbatia shingoni. Popi hakunguruma. Aliacha kutafuna. Mdomo ukafunga, kichwa kikabaki chini juu ya sufuria, mwili wote ukakakamaa kama ubao, na jicho likageuka pembeni kumtazama mtoto mpaka ule weupe wake ukaonekana kama mwezi mchanga. Mke wangu alikuwa na beseni la vyombo, hakuona kitu, kwake mbwa katulia tu. Mimi nilimuita Popi kwa sauti ya kawaida, jina lake, mara mbili, akainua kichwa akaja, na mtoto akamuachia.

Kutulia kule ndo onyo la mwisho kabla ya meno. Yapo na ya mwanzo: anageuza uso pembeni, analamba pua wakati hakuna chakula, anapiga miayo wakati hana usingizi, anafyata mkia, ananyanyuka na kuondoka. Akinguruma usimchape, nakuomba sana, kunguruma ndo anavyosema "naomba nafasi," ukimchapa atajifunza kunyamaza na siku nyingine atang'ata bila kusema. Mtoe mtoto pale, alafu utafute kilichomkera.

Siku ile ile nilichukua kipande cha mkaa nikachora mstari mweusi kwenye sementi, kutoka ukutani mpaka kwenye nguzo. Ndani ya mstari ni kwa Popi, akiwa anakula au amelala mtoto havuki. Mvua ikiufuta, watoto wenyewe wanauchora upya. Kanuni nyingine walizozishika: mbwa asiyetaka asishikwe, aitwe, akija mwenyewe asuguliwe kifuani na ubavuni, sio kukumbatiwa. Mbwa usiyemjua akikukimbilia simama kama mnazi, mikono chini, macho chini, usipige kelele usikimbie. Mama wa mbwa mwenye watoto haguswi. Na kwa sisi wazazi, mtoto wa chini ya miaka sita habaki na mbwa peke yao hata dakika za kwenda kuzima jiko, awe mbwa mpole kiasi gani.

Hatua ya 9: Siku za kwanza

Mlete asubuhi ya siku ambayo uko nyumbani, Jumamosi ni nzuri, asifike usiku kwenye giza na kelele za wageni. Omba kipande cha kanga au gunia alilokuwa amelalia na mama yake, kiweke atakapolala, usiku atalia kidogo ila harufu ile itamtuliza. Mwonyeshe pa kujisaidia kila akiamka na kila akimaliza kula, akipatia msifu pale pale. Watoto wakae chini ndo wamguse, mmoja mmoja, wasimbebe wakiwa wamesimama. Wageni wa kuja kumuona mbwa wasubiri siku tatu nne.

Mpaka amalize chanjo zote asikanyage barabarani wala asikutane na mbwa usiowajua, ila usimfungie, mbebe mikononi aone bodaboda, asikie adhana na kengele ya kanisa, aone watu wenye kofia, wenye mabuibui, watoto wa shule, wauza maji. Kati ya wiki ya tatu na ya 14 hivi ndo anaamua vitu gani duniani ni vya kawaida, na atakavyoviona wakati huo bila kutishwa hatavibwekea ukubwani.

Tarehe ya sindano inayofuata iandike ukutani karibu na ratiba ya shule. Kile kitabu chake cha chanjo siku ya kwenda, sisi huwa anakibeba yule mdogo, anakishika kwa mikono miwili njia nzima, na daktari akigonga muhuri yeye ndo anasoma tarehe.